Kikopo Kilichoandikwa Konsesa

Waliponiomba niseme maneno mawili kwenye kuondoa matanga ya Dokta Evariste, nilijibu kwamba nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na hasira ya miaka mingi, na hasira ya namna hiyo haisomwi mbele ya mjane na mapadri. Nilikwenda hata hivyo, kwa sababu kwetu mtu hakosi matanga ya aliyewahi kumpa kazi. Nikakaa viti vya nyuma kabisa, chini ya turubai pale mtaani Musinzira, nikashika chupa yangu ya soda na kusikiliza jinsi wanavyomvisha marehemu kilemba cha ukoka. Mwenzake mmoja alisimama akaeleza, kwa Kifaransa kizuri, jinsi Dokta alivyoipa maisha yake yote protini moja inayokaa juu ya ngozi ya chembe za kinga na kushika sukari. Kisha akasimulia kile kisa ambacho Dokta mwenyewe alikuwa akikisimulia kila alipopewa kipaza sauti: kwamba mama mmoja wa kijijini alimuuliza swali lililomfungua macho. Watu wakacheka kwa upendo. Mama mmoja wa kijijini! Mama huyo ana jina. Anaitwa Velediana, yuko hai, analima maharage Muyinga, na siku alipouliza swali hilo mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Niliweka soda chini nikaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika matanga ya mtu yeyote.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu turudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha shule ya kambini, Kifaransa cha kukariri na Kiswahili cha Kibondo. Shamba letu la Buraza lilikuwa limeshapata mwenyewe mwingine, na mambo hayo nayaacha hapo hapo. Dokta Evariste alikuwa amerudi kutoka Ulaya, ambako alikulia na kusomea, akafungua maabara ndogo Gitega, vyumba vitatu na jenereta moja. Alitafuta mtu wa kwenda naye Muyinga, kwenye kijiji kipya walichojengewa waliorudi wasiokuwa na ardhi, amsaidie kuita majina na kueleza mambo kwa lugha ya watu. Kirundi chake kilikuwa cha kujikwaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza mitaani. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, watu wa kambi watamwamini mtu wa kambi. Neno hilo lilinipendeza sana. Niliandika barua mbili kwa rafiki zangu nikilirudia.

Nilipanga chumba cha nyuma kwa Mama Zaina, mtaa wa Magarama. Alikuwa Mwislamu wa pale pale mjini, mjane, fundi wa kushona, cherehani yake ikikaa mlangoni ili asipitwe na habari za barabarani. Ukuta kati ya chumba changu na sebule yake ulikuwa wa mbao zilizobandikwa magazeti, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilinifikia kitandani. Jioni tulikula pamoja mkekani, maharage yaliyopikwa na ndizi kwa mawese, au ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa mpaka zinavunjika mdomoni, na sijapata kula ndagala nzuri kama zile tena. Wiki ya kwanza nilimsikia mteja wake akisema, "Bale benye kutoka Tanzania, mi nabaogopa. Banajua kupanga mustari tu. Kulima, oya! Na kudanganya karata za mgao, ndiyo kazi yabo." Mama Zaina akajibu, "We nawe! Uyu wangu iko mutoto muzuri. Anaosha hata sahani yenye hajakulia." Kisha akashusha sauti, lakini magazeti hayazuii sauti: "Enfin, ujanja biko nayo, hiyo siwezi kukataa." Nilivuta shuka nikajifunika uso. Tulikuwa tumerudi kwetu, jamani, na kwetu walituogopa.

Sitasema Dokta Evariste alikuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa sababu mtu mbaya unamjua tangu mlangoni. Alikuwa mpole, alicheka haraka, na alikuwa mwalimu kuliko walimu wote niliopata. Siku za mwanzo alinikalisha mbele ya darubini, akachukua karatasi na kunichorea. Katika mapafu yetu na chini ya ngozi, alisema, kuna chembe za kinga zinazokaa kama walinzi wa mlangoni. Juu ya ngozi ya mlinzi imesimama ile protini, ina shingo, na juu ya shingo ina kiganja, na kiganja hicho kinajua jambo moja tu, kushika sukari. Si sukari ya chai. Ni sukari ambayo vijidudu vingi vimejifunika kwayo, na kijidudu cha kifua kikuu kimejifunika sawasawa, kichwa mpaka miguu. Mlinzi anakishika kwa lile koti, anakivuta ndani, kisha anakwenda kuwaonyesha askari wengine ili wajue adui anafananaje. Jina la protini hiyo lilikuwa herufi tupu zenye kistari katikati. Sisi wa maabara tuliiita mkono. Dokta alitaka kujua kwa nini katika nyumba moja, watu wanaokula sahani moja na kupumua hewa moja, mmoja anaugua na mwingine haugui. Alidhani jibu limo katika urefu wa ile shingo. Nilitoka pale nikiwa nimependa kazi, na nilikwenda kwa miguu mpaka Magarama nikijitazama viganja.

Muyinga tulipewa darasa la shule kwa sababu ilikuwa likizo ya kiangazi. Akina mama walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, wengi wao ni watu tuliopishana kisimani kule Kibondo bila kujuana majina. Dokta alisema kwa Kifaransa, mimi nikasema kwa Kiswahili chetu, nikiongeza Kirundi pale nilipoona nyuso zimekunjamana. Nilieleza mlinzi, mkono, koti la sukari. Nilieleza kwamba kila anayeishi na mgonjwa wa kifua, au anayekula naye, atatoa kichupa kimoja cha damu, na mwenye kikohozi atatema makohozi kwenye kikopo, na atakayekutwa anaumwa atapewa karatasi ya kumpeleka kwenye dawa. Ndipo Velediana aliponyosha mkono. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Dada, muulize dokta," alisema. "Kama mwizi anajua ndani ya kituo cha polisi kuna chakula na mahali pa kulala, si atataka mwenyewe akamatwe?" Darasa zima lilicheka. Nilitafsiri, nikidhani Dokta naye atacheka. Aliweka kalamu chini. "Mais voilà!" alisema. "Kijidudu kinaweza kupenda kushikwa. Kinashikwa ili kiingie, halafu kinalala ndani." Kisha akashika kalamu akaandika swali lile kwenye daftari lake, neno kwa neno. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Jina la aliyeuliza hakuliandika.

Mchana Velediana alituita kwake tule, mimi na dereva, kwa kuwa Dokta alikuwa na mkate wake garini. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, bati jipya, sakafu ya udongo iliyofagiliwa mpaka inang'aa. Alipakua ugali na mboga za lengalenga, akamwita jirani yake kwa kupiga ukuta. Jirani huyo ndiye Konsesa. Aliingia na binti yake Ester, wa miaka miwili, mgongoni, akakaa karibu na mlango, na kila alipokohoa aligeuza uso nje na kuziba mdomo kwa pembe ya kitenge. Mume wake ndiye aliyekuwa akinywa dawa za kifua. Konsesa alikonda kwa namna ambayo hata mimi nisiye daktari niliiona. Lakini kilichokuwa kinamsumbua siku ile si kikohozi. Siku ambayo jina lake lilipangwa kutoa damu ndiyo siku hiyo hiyo aliyoitwa komuni, ofisi ya serikali ya wilaya, kwa kesi ya shamba la baba yake. Asipofika, shamba linabaki kwa aliyelikalia. Na kwetu alikuwa ameshakosa siku ya kwanza ya kuita majina, kwa sababu mume wake alizidiwa, na Dokta alikuwa na sheria yake: asiyeitika mara mbili anafutwa kwenye orodha. "Nikifutwa si ndiyo basi?" aliniuliza. "Hata kupimwa sipimwi?" Nilimjibu kwamba nitamwomba Dokta, na nilimwomba. Akasema orodha ni orodha. Velediana alikuwa anakwangua sufuria, akasema bila kugeuka, "Nenda kwenye shamba la baba yako, Mama Ester. Huku tutaona."

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo mtu asiyekaa kambini hawezi kulielewa. Siku ya mgao, majina yaliitwa kuanzia asubuhi, na aliyeitwa asiitike kadi yake ilikatwa. Lakini watu walikuwa na wagonjwa, walikuwa na vibarua vya kulima kwa wenyeji, walikuwa na watoto wa kuzaa. Kwa hiyo jirani aliitika. Ulisema niko, ukachukua unga wa mwenzako, ukaubeba kichwani mpaka mlangoni kwake, na yeye akafanya hivyo hivyo kwa ajili yako mwezi uliofuata. Haikuwa wizi. Ilikuwa ndiyo heshima yenyewe, na aliyekataa kumwitikia jirani yake alisemwa mpaka watoto wake wakasemwa. Mimi nimelelewa kwa unga ulioitikiwa na wengine. Na mambo yale yalikwenda sawa miaka yote kwa sababu moja: kambini jina ndilo lililokuwa na maana, kilichomo ndani ya kopo la kupimia kilikuwa kile kile kwa kila mtu.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi Velediana alikuja kwa jina lake, akakunja mkono wa kushoto, akatoa damu, akachukua sabuni yake ya shukrani akaenda. Baada ya chakula nikaita Konsesa, na Velediana akaingia. Alikuwa amebadili kilemba. "Ni mimi," alisema, akakunja mkono wa kulia. Tulitazamana. Nesi wetu alikuwa ameinama anatafuta sindano na hakuona lolote, na Dokta alikuwa nje anagombana na dereva kuhusu barafu, maana zile chembe zilitakiwa zifike Gitega zikiwa hai, na siku zote alikuwa na wasiwasi na chembe za watu kuliko watu wenyewe. Mimi niliona. Nilijua. Nilishika kalamu nikaandika Konsesa kwenye kichupa, na kwa sababu orodha ilisema Konsesa anakohoa, nikaandika Konsesa kwenye kikopo pia, nikampa Velediana. Alikwenda nyuma ya darasa akarudi nacho kina mate meupe, safi, ya mtu mzima wa afya. Nilikifunga kifuniko. Nilijiambia kwamba nimemsaidia mtu asifutwe. Nilijivuna kidogo, nasema kweli, kwamba kazi haijanibadilisha.

Mwezi uliofuata majibu yalitoka yakiwa na muhuri wa maabara, na mimi ndiye niliyeyagawa. Karatasi ya Konsesa ilisema hakuna vijidudu. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Alinipigia magoti, akaniambia kwamba komuni wamempa nusu ya shamba, na sasa Mungu amempa na nusu ya pili. Nilitaka kusema kitu. Nikaona furaha yake, nikaona Ester anavuta ile karatasi, nikajidanganya kwamba akizidi kukohoa si atakwenda zahanati, huko watampima upya. Basi nikapanda gari.

Oktoba Dokta Evariste aliingia maabara asubuhi moja akiimba. Kati ya damu zote za Muyinga alikuwa amepata watu wawili wenye mkono wa shingo fupi, namna ambayo alikuwa hajaiona kwa mtu yeyote tangu aanze kazi, na watu hao ni majirani wasio ndugu. Alitununulia sote brosheti za nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma, akasimama katikati ya chumba na kijiti mkononi akizungumza kuhusu mkutano wa Ulaya. Siku mbili baadaye alikuwa hazungumzi. Alikuwa amelinganisha vichupa viwili kwa kila kipimo alichokuwa nacho, na kila kipimo kilisema damu hizo ni za mtu mmoja. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nani alitoa hii?" aliuliza.

Nilimwambia. Nilimweleza na desturi ya kambini, nikidhani mtu aliyependa sana swali la mwizi na polisi atalipenda na hili, atalielewa. Alisikiliza huku anazungusha kalamu.

"Donc ni kweli," alisema. "Kambi imewafundisha ninyi kudanganya. Wamenionya watu hapa mjini, mimi nikasema hapana, hao ni ndugu zetu wanarudi. Voilà."

Akachukua rula. Alipiga mstari juu ya namba ya Velediana, akapiga mstari juu ya namba ya Konsesa, mistari miwili iliyonyooka, kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika kwamba sampuli zina kasoro. Nilimwambia, "Dokta, huyu Konsesa anakohoa. Ana karatasi yetu inayosema ni mzima. Yale makohozi hayakuwa yake." Nakumbuka nilikuwa nimeshika kiti. Alinijibu taratibu, kwa ule upole wake, kwamba matibabu si kazi yetu, sisi tunatafuta, wengine wanatibu. Kwamba gari la Muyinga limeshamaliza safari zake. Na kwamba kuandika barua kuwa karatasi moja ilikuwa na jina la uongo ni kuwafanya watu waulize karatasi ngapi nyingine zina majina ya uongo, na hapo kazi ya mwaka mzima imekufa. "Na ni nani aliyeandika lile jina?" aliniuliza. "C'est toi. Ni wewe. Unataka iandikwe hivyo?" Alinawa mikono, na maji ya kunawia nilimshikia mimi. Nilitoka nje nikafunga mlango polepole ili usipige kelele. Hadi leo nikiukumbuka ule upole wangu na mlango natamani kujizaba kofi.

Nilinyamaza Oktoba yote. Nilinyamaza na Novemba. Mtu aliyeniokoa ni Mama Zaina, na hakuniokoa kwa maneno mazuri. Jioni moja aliona sili, akanibana, nikamwambia yote kuanzia kilemba mpaka rula. Alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani. Nilipomaliza, alinyosha mkono akaondoa sahani mbele yangu.

"Mutu iko anakufa na karatasi yako mu mikono yake," alisema, "na we unakaa hapa unachambua ndagala yangu miiba?"

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Ufukuzwe! Mi ndo mwenye nyumba, nitakufukuza mbele yake. Mficha maradhi, kilio kinamuumbua, na weye si hata yako umeficha. Ya mwenzako! Kesho unaenda Muyinga. Nitakuamusha mimi."

Akaenda na sahani jikoni, na nilimsikia akisema peke yake huko, "Biko na ujanja, biko na ujanja... Ujanja gani uyu wa kuua mutu?" Niliona haya mbele ya ule mkeka kuliko mbele ya padri yeyote. Asubuhi aliniamsha kweli, na alikuwa amenifungia maandazi kwenye kitambaa.

Nilifika mvua ikinyesha. Mama mkwe wa Konsesa alikuwa amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, na kabla sijamaliza salamu alianza kunishtakia. Mke wa mwanawe amekuwa mvivu, hashiki jembe, analala mchana, kazi yake kukohoa tu makusudi watu wakipita. "Gitega kwenyewe mmesema hana kitu! Mwambie basi wewe, labda atakusikia." Konsesa alikuwa ndani, kwenye mkeka, amejifunika vitenge viwili na bado anatetemeka. Ester alikuwa sakafuni. Kikombe cha plastiki kilikuwa kimemdondoka, na alipotaka kukiokota hakuinama. Alichuchumaa wima, mgongo umenyooka, mkono mmoja ukijishikilia kwenye goti. Nikaona ni mchezo wa kitoto tu.

Velediana alisikia sauti yangu akaja. Nikawaambia wote watatu pamoja, kwa sababu nilijua nikimwambia mmoja mmoja nitapunguza maneno. Nilisema karatasi ile si ya Konsesa, ni ya Velediana, mate yaliyopimwa ni ya Velediana, na Konsesa hakuwahi kupimwa na mtu yeyote, na maabara wamelijua hilo tangu Oktoba. Konsesa aliinuka akakaa. Sikuwa nimejiandaa kwa alichofanya. Alitabasamu. Aligeukia mlango, akasema kwa sauti iliyobaki, "Umesikia, mama? Si uvivu." Alisema mara mbili. Miezi minne alikuwa hana hata haki ya kuumwa, kwa sababu karatasi yenye muhuri ilimkatalia. Zahanati alikwenda, mara tatu, na kila mara walisoma ile karatasi wakampa dawa ya maumivu.

Velediana alikaa chini palepale kwenye udongo uliolowa. "Mate yangu," alisema. "Nilidhani wanataka jina." Kisha akaniangalia, na ile sauti ya kuita ng'ombe ikaondoka kabisa. "Mimi sikujua, dada Generoza. Mimi sijasoma. Wewe uliniona nikiingia mara ya pili. Wewe unajua mambo ya mkono na sukari, ulitueleza vizuri tukaelewa. Uliniona, ukaandika?"

"Niliandika," nilisema.

"Na ulipojua kwamba wamejua?"

"Nilinyamaza."

Hakunitukana. Alisimama, akambeba Ester, akamwinua Konsesa kwa bega, tukaenda zahanati kwenye matope, yule mama mkwe nyuma yetu na mahindi yake bado mkononi. Nesi aliyekuwa zamu alitoa tena ile hadithi: karatasi ina muhuri wa Gitega, yeye hawezi kupinga muhuri. Nilianza kueleza kwa Kifaransa, nikajichanganya. Velediana akanipisha pembeni kama mtu anayesogeza kiti. "Mate yaliyopimwa ni yangu," alisema, na foleni yote ilikuwa inasikia. "Niliitika jina la huyu. Niandike mimi ni mwongo, andika sana, halafu umpime huyu." Nesi alichukua kikopo kutoka kwenye droo akampa Konsesa. Alipompokea Ester ili mama yake akateme nje, alipitisha mkono mgongoni mwa mtoto, akaurudisha, akaupitisha tena. Alimkalisha mezani akamvua nguo. Katikati ya uti wa mgongo palikuwa na kifundo, kidogo, kama kifundo cha kidole. "Tangu lini hainami huyu?" aliuliza. Konsesa akajibu kwamba tangu mahindi yapandwe, lakini wamesema nyumba yao haina ugonjwa.

Makohozi ya Konsesa yalikuwa yamejaa vijidudu. Mtoto alipelekwa hospitali kubwa, na huko walisema kifua kikuu kimeingia mifupani. Nilikaa nao siku nne. Siku ya tano nilirudi Gitega, nikaenda maabara moja kwa moja na matope yangu kwenye viatu, nikamweleza Dokta Evariste nikiwa nimesimama. Nilimweleza mama mkwe, na karatasi, na mara tatu za zahanati, na kile kifundo. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwa Ester niliona uso wake umebadilika, na moyo wangu ukafunguka, nikafikiri, ameguswa, sasa ataomba gari. Akavuta daftari.

"Mama na mtoto," alisema. "Nyumba moja, na kwa mtoto imepanda mgongoni. Ça, c'est rare, hii ni nadra. Uliwachukua damu?"

Sikumwelewa mara ya kwanza. Akarudia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na kwa upole, kwamba namba za zamani zimefutwa lakini hawa tunaweza kuwapa namba mpya.

"Damu wanayo wenyewe," nilimjibu. "Njia ya Muyinga unaijua. Nenda ukawaombe. Ila ukifika, kabla hujafungua sindano, umwambie Konsesa kwa mdomo wako kwamba ulijua tangu Oktoba."

Alisema atakwenda mvua zikipungua. Nilivua koti jeupe nikaliweka juu ya meza yake, juu ya lile daftari, nikaenda Magarama nikamwomba Mama Zaina anifundishe cherehani. Mvua zilipungua mwaka ule, na mwaka uliofuata, na miaka mingine mingi ambayo Mungu alimpa Dokta Evariste kuishi na kupewa vipaza sauti, na Muyinga hakwenda. Konsesa alimaliza dawa zake akapona kabisa. Ester alilala chali miezi mingi, naye akapona, lakini mgongo ulikuwa umeshajikunja. Sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake. Akisimama kunisalimu kichwa chake kinanifika kifuani. Mama yake ni mrefu kuliko mimi.